Ndege Ameruka, Ndege Imeruka

Wahenga walituachia usemi kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi sijaishi kwingi, kwani umri wangu ni miaka 28 tu, wala siwezi kujigamba kuwa nimeona mengi. Hata hivyo, nimesafiri kwa ndege mara nane, nimejirusha kwa mwavuli kutoka kwenye ukingo wa genge mara moja, na nimewahi kumkosoa nyanya yangu sarufi mbele ya mgeni. Kati ya mambo hayo matatu, lile ambalo halikuhitaji ujasiri wowote ndilo lililonigharimu zaidi. Naomba msomaji wa jarida letu aniazime sikio nimsimulie jinsi mambo hayo yalivyokuja kufungamana.

Kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyepitia somo la ngeli anaifahamu nomino ‘ndege’. Nomino hii hututega kwa kuwa ina umbo moja na maana zaidi ya moja. Ndege mwenye mabawa na manyoya ni kiumbe hai, kwa hivyo hupatanishwa katika ngeli ya A-WA: ndege ameruka, ndege wameruka. Ndege ya kusafiria ni chombo, nayo huingia katika ngeli ya I-ZI: ndege imeruka, ndege zimeruka. Kamusi hutupa pia maana ya tatu, ile ya ishara au fali, ambayo wazee hukusudia wanapozungumzia ndege mbaya au ndege njema. Maana mbili za kwanza nilifunzwa katika shule ya msingi, na ya tatu nikaikuta chuoni. Nilidhani kwamba aliyezijua zote tatu amemaliza kazi.

Nimelelewa katika Bonde la Kerio, kaunti ya Elgeyo-Marakwet, si mbali na soko la Biretwo, kwenye barabara itokayo Iten kupitia Tambach hadi Kabarnet. Asiyewahi kufika kwetu na asimame kwanza Iten, kwenye urefu wa mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapo ardhi hukatika ghafla mbele ya miguu yake. Chini, umbali wa zaidi ya mita 1,000, bonde limetandazika na migunga yake, miembe yake na vumbi lake jekundu, na ng’ambo ya pili imesimama Milima ya Tugen. Mto Kerio hupita katikati ukielekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Kule juu kuna baridi na watu hukimbia. Huku chini kuna joto na watu huchunga mbuzi.

Baba yangu alizaliwa huku chini akapanda kwenda juu kukimbia. Iten, kama tujuavyo, ni mji wa wanariadha, na lango lake humkaribisha mgeni katika makao ya mabingwa. Baba hakuwa bingwa. Alikuwa mmoja wa mamia ya vijana waliokuwa wakiamka alfajiri na kukimbia kwenye barabara za vumbi wakitumaini kuonwa na wakala. Mwaka 2003, nikiwa na umri wa miaka sita, alionwa. Akaenda Marekani kushiriki mbio za barabarani ambazo mshindi hupewa pesa na wa kumi hupewa shukrani. Mwanzoni zilikuja barua na pesa. Baadaye pesa zikapungua, barua zikakoma, kisha pesa nazo zikakoma. Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa mchanga, kwa hivyo nikabaki na nyanya, mamake baba, ambaye kwa lugha yetu ya Kikeiyo tunamwita kogo.

Kogo hajawahi kukalia dawati. Kiswahili chake alikiokota sokoni na katika mashamba ya ngano ya Uasin Gishu, alikofanya vibarua akiwa msichana. Lugha yetu ni ya Kinailoti, haina mfumo wa ngeli kama wa lugha za Kibantu, na kogo hakuona sababu ya kujitwisha mzigo ambao hakuzaliwa nao. Kwake yeye kila kitu kilikuwa ‘i’. Mtoto inalia. Mwalimu imefika. Mbuzi imepotea. Mvua imekataa, na hapo alipatia bila kujua. Kitu kimoja tu alikitenga na vingine vyote. Ndege za abiria zilipopita juu sana, zikiacha mstari mweupe mbinguni, kogo aliinua kichwa, akakinga macho kwa kiganja na kusema: “Ndege amepita.”

Nilikuwa na umri wa miaka 12 nilipoigundua kasoro hiyo, na niliifurahia kama mtoto aliyeokota shilingi njiani. Ilikuwa mwaka 2009, nikiwa darasa la saba. Nilikuwa nimeshinda shindano la insha katika tarafa yetu, na mwalimu wangu wa Kiswahili akatutembelea nyumbani kuleta pongezi. Kwa heshima ya mgeni, ambaye hakujua Kikeiyo, kogo alizungumza Kiswahili. Alimkaribisha, akamketisha kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, akamwuliza kama mtoto inasoma vizuri. Nilijikaza nisicheke. Mwalimu naye, bila nia mbaya, akauliza baba wa mtoto yuko wapi.

Kogo akajibu: “Ndege alichukua yeye.”

Sikujizuia. Nilisema, tena kwa sauti ya mtu aliyesimama mbele ya ubao: “Si ‘alichukua’, kogo. Ndege ya abiria ni chombo, haina uhai. Useme ‘ilimchukua’.”

Mwalimu alikohoa, kisha akatabasamu, kwa maana alikuwa amenifunza mwenyewe na mwanafunzi alikuwa amepata. Kogo hakujibu. Aliinuka akaenda kuleta chai, akatuandalia, akakaa nasi hadi mgeni alipoaga. Tangu siku hiyo hakuzungumza tena Kiswahili mahali ninapomsikia. Sokoni nilipomfuata alitumia ishara na Kikeiyo, na Mkikuyu aliyekuwa akiuza viatu akalazimika kutafuta mkalimani. Mara nyingine mkalimani huyo alikuwa mimi.

Msomaji anaweza kudhani kwamba jambo hilo lilinikosesha usingizi. La hasha! Nilikuwa mtoto na nilikuwa nimepata alama zote. Miaka mingi ilipita kabla sijaanza kujiuliza ni kwa nini mtu ambaye alimnyima mwalimu ngeli ya A-WA, akamnyima mbuzi, akaninyima hata mimi mjukuu wake, aliitoa kwa mashine.

Kuhusu ujasiri, sikuwa nao. Mashariki ya Biretwo, barabara ya Kabarnet inapovuka Mto Kerio, pana Korongo la Chebloch, ambapo maji hupita kati ya kuta mbili za mwamba. Vijana wa huko hujirusha kutoka juu hadi mtoni, ambamo wamo mamba, ili kuwastaajabisha wapita njia na kupata chochote cha mkononi. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi nilipanda pale pamoja na binamu zangu. Waliruka mmoja baada ya mwingine. Nilipofika ukingoni nilitazama chini, nikaona maji ya rangi ya chai ya maziwa, magoti yakanigeuka uji, nikarudi nyuma. Kogo alipopata habari alinichapa kwa kwenda, wala hakunisifu kwa kurudi.

Kwa hivyo, mwezi Agosti 2023, nilipopata nafasi ya kwenda Marekani kwa miezi tisa chini ya mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, furaha yangu ilikuja ikiwa imeshikwa mkono na hofu. Sikuwa nimewahi kupanda ndege. Fauka ya hayo, njia niliyopangiwa ilipitia Addis Ababa, na sisi tuliokuwa vyuoni mwaka 2019 hatujaisahau tarehe 10 Machi, siku ambapo ndege iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka dakika sita tu baada ya kuruka na kuwaua wote 157 waliokuwamo. Miongoni mwao walikuwamo wahadhiri wa vyuo vikuu vyetu, na pia Pius Adesanmi, mwandishi wa Nigeria aliyekuwa akifundisha Kanada. Nakumbuka jinsi ukumbi wetu wa mihadhara ulivyonyamaza Jumatatu ile.

Asubuhi ya safari kogo alikataa kunisindikiza hadi Eldoret. Alinifikisha barabarani tu. Aliitazama mikoba yangu kama mtu anayeihesabu, kisha akanitemea mate kifuani, ambayo ndiyo baraka ya wazee wetu, akarudi nyumbani kabla matatu haijaondoka. Nilimwona akitembea bila kugeuka. Nilifikiri amechoka.

Ndege ya kutoka Eldoret hadi Nairobi ilikuwa ndogo, yenye mapanga mawili ya kuzunguka nje ya madirisha. Nilifunga mkanda kabla ya kuambiwa na nikausoma mara tatu ule mchoro unaoonyesha mlango wa dharura. Mwendo ulipoanza kuongezeka nilihisi mgongo umebandikwa kitini. Kisha kelele za magurudumu zikakatika ghafla. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote, kwamba mtu huitambua safari ya angani kwa kukoma kwa mtetemo. Nilitazama chini nikayaona mashamba ya ngano ya Uasin Gishu, yamekatwa mraba mraba kama vitambaa vya kushonea blanketi, na nikajiuliza ni lipi kati ya hayo ambalo kogo alilipalilia. Bila kutarajia nikasikia mdomo wangu ukisema taratibu, “Ameruka.” Bwana aliyeketi kando yangu alinitazama. Nilijifanya ninakohoa.

Kutoka Nairobi hadi Addis Ababa nilishikilia mkono wa kiti safari nzima. Kutoka Addis Ababa hadi Washington hofu ilichoka kabla yangu. Mtu hawezi kuogopa kwa zaidi ya nusu siku mfululizo, mwili haukuumbwa hivyo. Kwenye kioo kidogo kilichokuwa mbele yangu tulioneshwa kwamba tuko mita 11,000 juu na kwamba hewa ya nje ina baridi ya nyuzi 50 chini ya sufuri. Nje kulikuwa na giza, na chini ya giza hilo lilikuwa jangwa la Sahara. Msukosuko wa hewa ulipotukumba, mhudumu alipita akiangalia mikanda kwa utulivu wa mtu anayekagua madaftari. Hapo nikamfikiria baba. Miaka 20 kabla yangu alikuwa amekaa katika kiti kama hicho akiwa kijana wa bonde, pengine na jozi moja ya viatu vya kukimbilia, na sikuwa nimewahi kujiuliza kama naye aliogopa.

Nilipangiwa chuo kikuu kimoja katika jimbo la Wisconsin, na huko nikafundisha Kiswahili kwa vijana ambao wengi wao hawakuwahi kufika Afrika. Theluji ilipoanza mwezi Novemba tulikuwa tumefika kwenye ngeli. Niliandika ubaoni mifano yangu niipendayo: ndege ameruka, ndege imeruka. Mwanafunzi mmoja, kijana mpole aliyezoea kuketi nyuma, akainua mkono. Aliuliza ni kwa nini ndege ya abiria isiingie katika A-WA, ilhali huruka, hupiga kelele, hula mafuta, na huwameza watu hapa na kuwatapika kwingine. Darasa likacheka. Nilimjibu kama nilivyojibiwa mimi, kwamba chombo hakina uhai wala nia. Jibu lilikuwa sahihi. Hata hivyo, nilipokuwa nikifuta ubao, mkono wangu ulisita, nikasikia kikombe cha chai kikiwekwa mezani mbele ya mwalimu mwaka 2009.

Mwezi Desemba mwanariadha mmoja wa kwetu alinipatia nambari ya simu ya baba. Alikuwa akiishi New Mexico, mbali sana na nilikokuwa. Nilikaa na nambari hiyo siku kumi na moja. Nilipopiga, alipokea mara moja, kana kwamba alikuwa ameishika rununu mkononi siku zote hizo. Tulisalimiana kwa Kikeiyo, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Huenda ni kwa sababu alikuwa ameambiwa nimekuja kukifundisha. Huenda lugha ya nyumbani ilikuwa karibu mno na kidonda.

Alinieleza mambo yake kwa ufupi. Goti liliharibika katika mwaka wa tatu. Wakala akaacha kupiga simu. Muda wa viza ukaisha naye bado akingoja goti lipone. Akaingia kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala, na humo yumo hadi leo. Akitoka Marekani hataruhusiwa kurudi, na akirudi Kerio atarudi mikono mitupu.

“Nitakuja kukuona huko Wisconsin,” alisema.

“Karibu sana, baba,” nilisema. Hakuja, na nadhani sote wawili tulijua.

Kabla ya kuagana aliuliza: “Mama bado anasema kwamba ndege alinichukua?”

Nilishtuka. Kumbe maneno hayo yalikuwa yamemfikia, pengine kwa barua zilizoandikwa na jirani, pengine kwa midomo ya wanariadha waliokuwa wakija na kurudi. Nilimwambia kuwa sijui anachosema siku hizi, kwa sababu haongei Kiswahili nikiwapo. Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Mwambie si ndege. Mwambie ni mimi niliyepanda.”

Nilirudi nyumbani mwezi Mei 2024. Kogo alinikuta langoni, akanishika uso kwa mikono miwili, akauliza kwa Kikeiyo: “Ulimwona?”

“Nilimsikia tu kwa simu,” nilijibu.

Alitikisa kichwa, akaniuliza kama huko kuna mbuzi. Ujumbe wa baba ulikuwa ulimini mwangu na haukutoka. Nilijiambia kuwa nimechoka na safari. Kesho yake nilijiambia kuwa kogo amechoka. Septemba nikaanza masomo ya uzamili, nikaenda nao chuoni, nikarudi nao likizo ya Krismasi. Mtu anaweza kuvuka bahari mara mbili na bado akashindwa kuvuka uwanja wa nyumba kutoka mlango wa jikoni hadi kiti cha nyanya yake.

Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi, wageni huja Iten kuruka kwa miavuli. Tangu nikiwa mtoto niliwaona wakielea juu ya bonde, wekundu na wa manjano, kama maua yaliyokataa kuanguka. Mwavuli huo si kama parachuti ya askari. Ni bawa refu la kitambaa lililoshonwa vyumba vyumba, vilivyo wazi upande wa mbele, hivi kwamba upepo huingia ukavijaza na kukifanya kitambaa kiwe kigumu mfano wa bawa la tai. Hauna injini. Jua la kiangazi hulipasha bonde joto, hewa yenye joto hupanda ikiuparamia ukuta wa genge, na mwavuli hupanda nayo. Anayejua kazi hiyo huweza kukaa angani saa nzima na zaidi. Asiyejua hufungwa kwa mikanda mbele ya rubani, mwavuli mmoja watu wawili.

Mwezi Februari 2025 nilikwenda nikajiandikisha. Nikiulizwa sababu, nitasema ukweli kwamba sikuwa naijua vizuri. Nilikuwa nimekumbuka Chebloch. Nilikuwa nimechoka kujiona mtu anayefika ukingoni na kurudi nyuma.

Rubani wangu alikuwa kijana kutoka Nairobi, mpole na mwenye maneno machache. Alinivisha kofia ngumu, akafunga mikanda, akaikagua, akaikagua tena. Agizo lake lilikuwa moja tu: “Nikisema kimbia, ukimbie. Usikae. Hata ukiona ardhi imekwisha, endelea kukimbia.” Mwavuli ulikuwa umetandazwa nyuma yetu juu ya nyasi. Upepo ulikuja kutoka bondeni ukitupiga usoni. Akauvuta, ukainuka juu ya vichwa vyetu kwa mvumo kama wa shuka linalokung’utwa, kisha akasema neno lake.

Binti wa mwanariadha nikakimbia. Nilihesabu hatua saba. Hatua ya nane mguu ulitafuta ardhi na haukuipata.

Sikupiga kelele. Kulikuwa na ukimya ambao ndege za abiria hazikunipa hata mara moja, ukimya wenye upepo tu na milio midogo ya kifaa cha rubani, ambayo iliharakisha kila tulipopanda. Tai wawili walikuwa wakizunguka upande wetu wa kulia. Rubani alielekea walipo, akaniambia kuwa hao ndio walimu wake, kwa kuwa wanapozunguka bila kupiga mabawa, hapo ndipo hewa inapopanda. Tukazunguka nao. Mmoja alipita karibu kiasi cha kuniwezesha kuona jinsi alivyokuwa akiinamisha kichwa kutazama chini. Nilitazama alikotazama. Niliiona barabara ya Tambach ikijikunjakunja, nikaiona miembe, mabati yakimeta, mbuzi kama punje za mtama. Niliiona nyumba yetu. Nje yake kulikuwa na kitu kidogo cheusi ambacho kilikuwa kimesimama na hakikusogea.

Kogo hakujua kuwa ni mimi. Alikuwa amekinga macho kwa kiganja akitazama mwavuli, kama alivyozoea.

Tulitua kwenye uwanja wa mpira wa shule, nusu kilomita kutoka nyumbani. Watoto walikuwa wameshafika kabla yetu, kwa maana watoto wa bonde letu huifukuza miavuli kama wanavyofukuza mpira. Niliangukia magoti, nikajaa vumbi kinywani, nikacheka hadi machozi yakanitoka. Mtoto mmoja alinitambua, akatimua mbio kwenda kumwambia kogo. Muda si mrefu nikamwona anakuja na mkongojo wake, polepole, akipita katikati ya uwanja. Nilijiandaa kwa fimbo. Nilikuwa mtu mzima wa shahada ya uzamili, lakini nilijiandaa.

Hakunipiga. Alinizunguka mara moja akinikagua, kama rubani alivyoikagua mikanda. Kisha alimgeukia yule kijana wa Nairobi, mgeni asiyejua Kikeiyo, akamnyoshea mkono, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka 16 nikamsikia akizungumza Kiswahili.

“Asante sana,” alimwambia. “Ndege amerudisha mtoto.”

Kijana akacheka akashukuru. Mimi sikusema kitu.

Jioni ile, tulipokuwa tumekaa nje tukipukuchua mahindi, nilimpa ujumbe. Nilimwambia kwa Kikeiyo, neno kwa neno, kama baba alivyousema: kwamba si ndege, kwamba ni yeye aliyepanda. Nilimwomba radhi pia kwa siku ile ya mwalimu. Kogo aliendelea kupukuchua. Nilidhani hatajibu, kama hakujibu siku ile.

“Najua alipanda mwenyewe,” alisema hatimaye. “Nilimfungia nguo mimi. Lakini mtu hawezi kumkasirikia mtoto wake miaka ishirini, atakufa. Nilihitaji mwingine wa kumkasirikia, na huyo ndege alikuwa anapita kila siku.”

Kisha akanisukumia gunzi lingine la mahindi, akauliza kama kule juu kulikuwa na baridi.

Muhula huu nimepewa jukumu la kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika somo la sarufi. Tumefika kwenye ngeli, nao wameandika sentensi zao kuhusu ndege. Aliyeandika kuwa ndege ya abiria ameruka nimemkosoa kwa kalamu nyekundu, kwa sababu mtihani utamkosoa na kazi yangu ni kumwandaa. Sarufi ni sarufi. Lakini pembeni ya kila kosa la namna hiyo nimeandika swali ambalo mimi sikumwuliza kogo nilipokuwa na umri wa miaka 12: kwa nini umesema hivi? Wengi watajibu kuwa walisahau. Atakayejibu vingine nitamwita ofisini, nimpe kiti chenye mgongo, nimsikilize.